HI702 ya Hanna: kipimo cha shaba kilichonibakishia kangaja wangu

Kwanza pesa. HI702 ya kampuni ya Hanna, kile kipimo kidogo cha kidijitali cha kupima shaba majini (shaba ndiyo dawa niliyomtibia samaki wangu), pamoja na maboksi mawili ya unga wake wa kupimia, kilinifikia Mombasa kwa shilingi 14,500, nauli ya mzigo ikiwa ndani. Kangaja wangu wa buluu, samaki wa baharini ninayemfuga, nilimnunua kwa chini ya nusu ya hiyo. Kaka yangu aliponiuliza kwa nini nisimwache huyu mgonjwa afe, ninunue wengine wawili na chenji nibakie nayo, sikuwa na jibu la haraka. Sasa ninalo, na ni refu kidogo.

Mimi hufanya kazi kwenye duka la dawa. Kutwa nzima ninawaambia watu neno lile lile: dozi ni kiasi na ni muda, na ukikosa kimoja umekosa vyote. Nyumbani nina tangi la lita 320 la maji ya bahari, mwaka wa sita huu. Lina matumbawe laini, kamba wawili wa kusafisha, konokono na samaki wanne. Maji huchotewa kwa mitungi siku za bamvua, bahari ikiwa imejaa kabisa, maana wakati huo maji yanayoingia ni ya nje ya mwamba na si yale yaliyoshinda ufukweni. Nayachuja kwa kitambaa, nayaacha gizani kwenye pipa wiki mbili tatu, ndipo nayatumia.

Kangaja ninayemsema ni Acanthurus leucosternon. Mwili wake ni buluu ya mbingu ya asubuhi, uso mweusi, koo jeupe, na pezi la mgongoni la manjano linalokwenda toka kichwani hadi mkiani. Ni samaki wa Bahari ya Hindi, yupo kwenye miamba yetu hapa hapa, na kila anayefuga samaki wa baharini anajua sifa yake nyingine: ndiye wa kwanza kushikwa na ugonjwa wa madoa meupe. Nilijua hilo. Hata hivyo nilimtoa dukani, nikamsawazishia maji kwa saa moja na nikamtia moja kwa moja kwenye tangi kubwa pamoja na wenzake. Karantini niliiruka kwa sababu tangi dogo lilikuwa limejaa vitu juu ya kabati na nilikuwa nimechoka. Kule nilikomnunua matangi yote yalikuwa yameunganishwa na chujio moja, kwa hivyo mgonjwa mmoja alitosha kuwaambukiza wote. Dalili niliziona na nikazipuuza.

Tarehe 9 Machi, joto la mwisho wa kaskazi, maji tangini yakiwa nyuzi 29, binti yangu aliniita kutoka sebuleni. "Mama, njoo uone, samaki amemwagiwa chumvi."

Hakuna maelezo bora kuliko hayo. Madoa meupe yaliyotengana, kila moja kama punje ya chumvi ya mezani, yaliyoinuka kidogo juu ya ngozi. Kwenye pezi la kulia nilihesabu kumi na moja. Alikuwa akijisugua ubavu kwenye jiwe kisha anatetemeka, na nilipohesabu mapigo ya matamvua yake kwa saa ya ukutani nilipita mia moja kwa dakika.

Inafaa kukazia macho hapo kabla ya kushika chupa yoyote, kwa sababu shaba haitibu kila kitu. Punje za chumvi zilizotengana ni kimelea aitwaye Cryptocaryon irritans, na shaba inamweza. Vumbi laini lililotanda, kama unga uliochekechwa juu ya mwili, samaki akihema kwa nguvu na kukwepa mwanga, hiyo ni Amyloodinium, kimelea mwingine. Shaba inamweza pia, lakini una saa chache na si siku, maana humaliza tangi zima kabla ya wiki kwisha. Ngozi ikitoa ute mzito na kuambuka vipande vipande, hasa kwa wale samaki wadogo wa rangi ya chungwa wanaoishi kwenye anemoni, huenda ni kimelea wa tatu, Brooklynella. Hapo shaba haina kazi, na wakati unaoupoteza ukiijaribu ndio wakati samaki anakufa. Minyoo bapa ya ngozini na matamvuani nayo haifi kwa shaba. Hiyo dawa yake ni prazikwanteli, ile ile tunayowapa watu kwa kichocho.

Miaka miwili nyuma nilipoteza samaki watano kwa ugonjwa huu huu. Wakati ule nilitumia dawa ya matone iliyoandikwa kwamba haidhuru matumbawe, unaimimina kwenye tangi kubwa bila kumtoa mtu. Siku ya nne madoa yote yalipotea. Nilifurahi, nikawasimulia watu. Baada ya siku nane yalirudi, safari hii kwa mamia, na ndani ya siku sita tangi langu halikuwa na samaki hata mmoja. Kilichonitokea nilikuja kukielewa baadaye, na nakieleza kwa sababu bado naona watu wakipita njia hiyo, na wengine wakisifu kitunguu saumu kana kwamba kinatibu.

Doa unaloliona ni kimelea akiwa chini ya ngozi ya juu ya samaki, anakula. Hapo hakuna dawa ya majini inayomfikia. Akishiba, baada ya siku kama tatu hadi saba, anadondoka mwenyewe, anatambaa kwenye mchanga au jiwe, anajifungia ndani ya kifuko kigumu na kuanza kujigawa. Kwa hiyo madoa kupotea si dalili ya kupona. Ni wazazi wamekwenda kuzaa. Kifuko kinaweza kukaa siku tatu, kinaweza kukaa wiki kadhaa, kisha kinapasuka, mara nyingi gizani kabla ya alfajiri, samaki wakiwa wamelala karibu na mchanga. Kifuko kimoja kinaweza kutoa vitoto kama mia mbili vinavyoogelea, na kila kitoto kina siku moja au mbili ya kumpata samaki, la sivyo kinakufa. Shaba inaua katika kidirisha hicho tu, kitoto kikiwa kinaogelea. Haimuui aliye ndani ya ngozi, haimuui aliye ndani ya kifuko. Ndiyo maana lazima iwepo majini kwa kiwango cha kuua kila siku na kila saa, mpaka kifuko cha mwisho kitakapokuwa kimepasuka. Ikishuka usiku mmoja, umewafungulia mlango.

Na shaba inaua kamba, konokono na matumbawe pia, na mawe na mchanga wa chokaa huinyonya kisha huitoa polepole baadaye. Haingii tangi kubwa kabisa. Tarehe 10 Machi niliwatoa samaki wote wanne, wagonjwa na wasioonekana kuumwa, nikawahamishia tangi la lita 90 nililolijaza hadi alama ya lita 80. Kangaja nilimtoa kwa bakuli la plastiki na si kwa wavu. Ana mwiba mkali kama kisu kila upande wa shina la mkia, na ukinasa kwenye wavu utamjeruhi au atakujeruhi wewe. Tangi halikuwa na mchanga wala jiwe. Lilikuwa na vipande vya bomba la PVC vya kujifichia, chujio la sponji lililokuwa likielea miezi mingi kwenye maji yasiyo na ugonjwa ili liwe na bakteria wake, na mawe mawili ya hewa. Tangi kubwa likabaki bila samaki kuanzia siku hiyo. Hesabu yangu ilikuwa siku 76, kwa sababu muda mrefu kabisa unaotajwa wa kifuko kukaa kabla ya kumalizika ni siku 72, na nne nikaongeza.

Dawa yenyewe ilikuwa Copper Power, ambayo ni shaba iliyoshikizwa kwenye kemikali nyingine ili itulie majini na isimpige samaki kwa ghafla. Kiwango chake cha kazi ni kati ya miligramu 2.0 na 2.5 kwa lita. Tafadhali usichukue namba hiyo ukaipeleka kwenye dawa ya shaba ya aina nyingine. Kuna shaba zinazotumika kwa 0.5, na salfeti tupu ya shaba hutumika chini zaidi ya hapo. Mtu akiimimina hiyo hadi 2.3 ataua kila kilicho hai ndani ya maji.

Sasa kipimo.

Kabla yake nilikuwa na kile kipimo cha rangi: matone kwenye kichupa, unasubiri, unalinganisha na kadi. Kazini ninaamini macho yangu, lakini kadi ile ilinishinda. Chini ya taa ya jikoni maji yalionekana kama mraba wa tatu, dirishani yakaonekana kama wa nne, binti yangu akasema ni wa pili. Tofauti ya mraba mmoja ilikuwa tofauti ya shaba isiyoua kimelea na shaba inayoua samaki. Sikuweza kumtibu mtu kwa mizani ya namna hiyo, na kangaja sikuona kwa nini nimfanyie vingine.

HI702 ni kijidude kinachoenea kiganjani, chenye kitufe kimoja, betri moja ndogo, na tundu juu lenye kifuniko. Unakiwasha, kinakuonyesha C1. Unajaza kichupa cha kioo hadi alama ya mililita 10 kwa maji ya tangi, unakifuta, unakitia, unafunga, unabonyeza. Hapo kinajiwekea sifuri kwa maji yako yenyewe kabla ya dawa ya kipimo, kwa hivyo umanjano kidogo wa maji hauhesabiwi kuwa shaba. Kikionyesha C2 unakitoa kichupa, unamimina pakiti moja ya unga, unatikisa taratibu kama sekunde 15, unarudisha, unashikilia kitufe hadi kianze kuhesabu kurudi nyuma. Shaba ikiwepo maji yanageuka zambarau, na hasa rangi ile ya ulimi wa mtoto aliyekula zambarau. Baada ya chini ya dakika moja namba inatoka, yenye tarakimu mbili baada ya nukta. Upeo wake ni 0.00 hadi 5.00.

Jambo ambalo sikuliona likielezwa popote kwa lugha yetu, na ambalo kwangu ndilo thamani ya kifaa hiki, ni namna ya kuisoma namba hiyo. Mtengenezaji anasema usahihi wake ni 0.05 juu au chini, ukiongeza asilimia 5 ya namba iliyosomeka. Chukua karatasi. Ukisoma 2.30, asilimia 5 yake ni 0.115, ukiongeza 0.05 unapata kama 0.17. Kweli yako iko mahali fulani kati ya 2.13 na 2.47. Yote imo ndani ya 2.0 na 2.5. Lakini ukilenga 2.05 ukajiona uko salama, huenda uko 1.9 na hutibu kitu. Ukilenga 2.50 ili uwe na uhakika, huenda uko 2.67 na unamchoma samaki matamvua. Kwa hiyo nililenga 2.30 na kuishi hapo. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa shaba ya 0.5 utaona kosa linakuwa 0.075, yaani asilimia 15 ya dozi nzima, badala ya 7 au zaidi kidogo. Kwa kifaa hiki, shaba ya dozi kubwa inapimika kwa utulivu zaidi kuliko ya dozi ndogo, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuichagua dawa niliyoichagua.

Nilipanda taratibu: siku tano, takriban nusu miligramu kwa siku, nikipima asubuhi na usiku. Tarehe 14 Machi usiku ilisoma 2.28. Nikaandika kwenye daftari: kesho ni siku ya kwanza. Sio tarehe 10 nilipotia tone la kwanza. Wagonjwa wangu dukani huhesabu dawa toka siku waliyoinunua, na wafugaji wa samaki huhesabu shaba toka siku waliyoifungua. Siku zinaanza kuhesabiwa kiwango kikishafika.

Mambo madogo niliyojifunza kwa mkono. Kichupa kiwe kile kile kwa vipimo vyote viwili, na kitazame upande ule ule. Nilichora mstari mdogo wa kalamu kwenye kifuniko chake. Alama ya kidole kwenye kioo inasomeka kama shaba. Viputo vya hewa pia. Siku ya saba nilitikisa kwa haraka, nikasoma 2.61, moyo ukanipasuka, nikarudia kwa pakiti nyingine nikapata 2.33. Sasa baada ya kutikisa nakigonga kidogo kwa ukucha viputo vipande juu ndipo nakitia. Unga wa kwenye kona ya pakiti ugonge wote ushuke. Na kila ukimaliza osha kwa maji yasiyo na madini, usikiache kikauke na zambarau ndani.

Kipimo pia kilinionyesha kitu ambacho kadi ya rangi isingenionyesha kamwe: shaba hupanda bila wewe kuongeza. Wikendi moja nilikwenda msibani Kwale nikarudi baada ya siku mbili. Joto na mawe mawili ya hewa yalikuwa yamepunguza maji hadi kama lita 74. Shaba haiendi na mvuke, inabaki. Nilipoondoka ilikuwa 2.35, nilirudi nikakuta 2.55. Chukua 2.35, zidisha kwa 80, gawa kwa 74, unapata 2.54. Niliongeza maji baridi, yale ya kunywa yasiyo na chumvi wala shaba, mpaka alama ya lita 80, na namba ikarudi nyumbani. Mstari wa utepe mweusi wa alama hiyo kwenye kioo cha tangi ni nusu ya tiba.

Kubadilisha maji ni kinyume chake. Amonia ilipoanza kupanda wiki ya pili nilibadilisha lita 20 kila baada ya siku tano, na hayo maji mapya niliyatia shaba kwenye ndoo kwanza, nikayapima yakafika 2.30, ndipo yakaingia. Ukiingiza lita 20 tupu kwenye lita 80 umeshuka hadi 1.7 au karibu na hapo, na ule usiku mmoja nilioutaja umeshautoa zawadi. Dawa za kufunga amonia sikuzigusa, na nawasihi wengine wasiziguse wakiwa na shaba majini. Nyingi hufanya kazi kwa kemikali inayoweza kuibadili shaba ikawa sumu kali zaidi. Taa ya mionzi ya kuua vijidudu niliizima, mkaa wa chujio nikautoa, kwa sababu ya kwanza huivunja dawa na wa pili huinyonya.

Siku ya sita ya kiwango kamili kangaja aliacha kula. Mwani mkavu niliomfungia kwenye kibanio ulikaa asubuhi hadi jioni bila kuguswa. Wale wengine watatu walikula kama kawaida. Hapo ndipo mtu anaposhuka dozi kwa huruma, na nakiri mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mtungi wa maji mapya. Nilimpigia mjomba wangu, mvuvi wa Shimoni, ambaye hajawahi kufuga samaki lakini amewatazama maisha yake yote.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Ehe, mgonjwa wako?"

Nilimweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza maji yanakwenda vipi mle ndani. Nikamwambia kuna viputo.

"Kangaja huyo hakai pa kutulia," akasema. "Yuko pale mawimbi yanapovunjika mwambani. Wewe umemtia kwenye birika."

Nilinunua pampu ndogo ya kusukuma maji siku hiyo hiyo, nikaielekeza kwenye uso wa maji yachemke. Kusema kweli siwezi kuapa kwamba ndiyo iliyomrudishia hamu, maana samaki wengi huchukua siku kadhaa kuizoea shaba. Ila kupumua kwake kulishuka kabla ya usiku kuingia, na maji ya nyuzi 29 hubeba hewa kidogo, kwa hiyo mjomba alikuwa amegusa penyewe. Dozi niliiacha 2.30. Nilichokuwa nikitazama ni pumzi: zingepanda, au angeanguka upande, ningeshusha. Hazikupanda. Siku ya tisa alivuta pembe ya mwani, akaacha, akarudi, akaupasua wote.

Stima ilipotea usiku mmoja kwa saa sita hivi. Kipampu cha hewa cha betri kiliwabeba. Usianze matibabu haya bila hicho.

Siku 30 zilikwisha tarehe 13 Aprili. Ningekuwa na tangi la tatu lililo safi na kavu ningeweza kuwashikilia siku 14 kwenye kiwango kisha kuwahamishia huko. Kwa tangi moja, siku 30 ndizo nilizoziamini. Vipimo nilivyotumia ni 46 kati ya 50 vya maboksi mawili, kwa hivyo anayepanga kununua boksi moja la 25 ajue litamwachia katikati ya njia. Baada ya hapo nilirudisha mkaa, nikaiondoa shaba, nikawapa prazikwanteli kwa ajili ya minyoo, nikawaacha wasubiri.

Kuna mpaka mmoja wa HI702 ambao ni lazima uutambue. Ikisoma 0.00 haimaanishi kwamba hakuna shaba. Ule 0.05 wa kosa bado upo, na kwa kamba au tumbawe kiasi hicho si kidogo. Nilipotaka kuhakikisha maji yamesafika nisingekitegemea chenyewe; kwa hilo kuna kipimo kingine cha Hanna cha kiwango cha chini, HI747, kinachosoma kwa sehemu kwa kila bilioni. Mimi sikukinunua. Nilichofanya ni kutorudisha kwenye tangi kubwa tone hata moja la maji ya matibabu, na lile chujio la sponji, mabomba na pampu sasa ni vya karantini maisha. Na maji ya shaba sikuyamwaga yalivyo, maana mifereji ya mtaa wetu inaishia bahari ile ile nichotayo. Niliyapitisha kwenye mkaa mpya siku nne mpaka kipimo kikasoma 0.00 mara tatu mfululizo, ndipo nikayamwaga. Kifaa cha kumtibu samaki mmoja kilinisaidia nisiwaumize wa nje, na hilo nalo nalihesabu kwenye bei.

Kwa nani sikipendekezi? Kwa mwenye samaki wa maji ya chumvi ambaye atatumia njia ya kuhamisha samaki tangi hadi tangi kila baada ya saa 72 bila dawa. Huyo hakihitaji kabisa, na kwa Cryptocaryon njia hiyo inafanya kazi, ingawa Amyloodinium haiiwezi. Wala kwa mwenye papa wadogo au samaki aina ya taa, ambao shaba haiwafai kwa kiwango chochote. Kwa mwingine yeyote anayekusudia kutumia shaba, ningesema anunue kipimo kabla ya dawa, na dawa kabla ya samaki. Mimi nilinunua kinyume, na wale watano wa miaka miwili nyuma ndio waliolipa.

Tarehe 25 Mei, siku ya 76, binti yangu alishika bakuli. Kangaja aliingia tangi kubwa, akajibana nyuma ya jiwe kama dakika kumi, kisha akatoka akafuata mkondo wa pampu mbele ya kioo, akageuka, akaufuata tena. Tumemkagua kila jioni kwa tochi tangu siku hiyo, pezi kwa pezi. Mpaka leo ninapoandika hajatokwa na punje hata moja. Kipimo nimemwazima mteja wangu mmoja wa Nyali ambaye samaki wake wameanza kujisugua, pamoja na zile pakiti nne zilizobaki, na nimemwambia aagize boksi lake leo leo kabla hajafungua chupa.